Shaba Iliyotoa Moshi Mweupe

Jirani yangu mkerezaji aliitwa Nusu Unywele, na kichwa chake kilikuwa na upara uliong'aa kama sufuria jipya. Wasiomjua walidhani jina hilo ni la kumtania upara. Sisi wa pale tulijua ni kipimo. Ukimpelekea pini ya mashine akakuambia imezidi kwa nusu unywele, usibishane naye. Nenda kaipime kokote unakotaka, utarudi umenywea.

Karakana yake na yangu zilitenganishwa na ukuta wa mabati. Mimi ni mchomeleaji wa gesi. Yeye alikuwa na kerezo moja kuukuu, mashine ya kuzungusha chuma kikichongwa, aliyoachiwa na bwana aliyemfundisha kazi. Kwa miaka kumi na tisa niliisikia ikilia kutwa nzima, hata nikaweza kujua anachokata bila kuchungulia. Chuma kigumu kilipiga mluzi, alumini ilinong'ona, na shaba ilikuwa na mguno wake mzito, kama mtu anayekubali jambo shingo upande.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mke, mabinti wawili na rafiki mmoja. Rafiki huyo waliingia naye kwa bwana wao katika wiki ileile kujifunza kazi, wakala sahani moja, wakavaa ovaroli moja kwa zamu, mpaka bwana wao akachoka kuwatofautisha na kuwaita mapacha. Basi tangu hapo kila mmoja alimwita mwenzake Pacha, mpaka uzeeni. Mwenzake aliiacha kerezo kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akafungua duka la vyuma mtaa wa pili. Nusu Unywele hakununua chuma kwingine. Ukimwambia kuna duka lenye mali nzuri zaidi, alikutazama kama mtu aliyeambiwa abadilishe mama.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, alikuja kwake mkunga mstaafu akiikokota pikipiki.

Mama huyu kila mtu alimjua. Alikuwa amepita mitaa yetu kwa pikipiki hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mkoba mgongoni, akienda kuzalisha. Mabinti wote wawili wa Nusu Unywele waliangukia mikononi mwake. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani sana, yenye tangi la duara na taa kubwa kama sahani. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma.

"Mwanangu," alimwambia Nusu Unywele, "hii kitu siku hizi inakata viuno barabarani. Mimi na umri wangu huu watu wananicheka."

Nusu Unywele aliinyanyua nyuma, akaiweka juu ya gogo, akashika gurudumu na kulisukuma kushoto na kulia. Lilicheza kama jino bovu. Alimweleza mama kwamba gurudumu la nyuma hushikwa na mkono wa chuma, na mkono huo hupanda na kushuka kwenye pini moja nene iliyopita katikati ya fremu. Kati ya pini na mkono kuna vikombe viwili vyembamba visivyo na kitako, ndizo bushi. Zikilika, mkono hulegea, na gurudumu hufuata njia yake lenyewe. Alipozitoa alikuta kuna fundi aliyewahi kuweka bushi za nailoni, nazo zilikuwa zimevimba upande mmoja na kukonda upande wa pili.

Siku iliyofuata alimwita mama akae, akapanga vitu juu ya meza yake ya kazi. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuazima tupa. Angeweza kumkatia tu bushi yoyote, mama akaenda zake, lakini hakuwa mtu wa hivyo. Alitaka mwenye mali achague akijua. Alishika kwanza kipande cha nailoni, akasema hiki hakipigi kelele na hakihitaji grisi, ila kikipata joto na maji hubadilika umbo, na wewe umeshaona mwisho wake. Akashika beringi ya vijisindano. Hii, alisema, ni nzuri kwa kitu kinachozunguka mduara mzima. Mkono wa pikipiki hauzunguki, unanesa tu padogo, kwa hiyo visindano hugonga mahali palepale kila siku mpaka vichimbe vishimo. Chuma juu ya chuma hakukigusa hata kukigusa. Alisema vitaumana.

Vilibaki vipande viwili vya shaba. Kimoja cha njano, kimeng'aa, kizuri kutazama. Alisema hiki ni laini, kinakatika kwa raha, kinafaa mabomba ya maji na vitasa vya milango, lakini kikipigwapigwa na barabara mbovu hulika upesi au hupasuka. Cha pili kilikuwa na wekundu wa kahawia, kizito, hakina mvuto. Hiyo ndiyo shaba ngumu, iliyochanganywa na bati. Inavumilia kipigo, inashika grisi, na haili pini. "Bushi ndiyo iliwe, mama, siyo pini. Ila hii italiwa polepole sana."

Mkunga akauliza swali moja. "Ungekuwa unampakia binti yako nyuma, ungeweka ipi?"

"Hii ngumu."

"Basi weka hiyo. Nataka kitu kitakachonizidi umri."

Siku hiyohiyo Nusu Unywele akaenda kwa Pacha. Aliniambia baadaye jinsi walivyoichagua pamoja nondo ya shaba ngumu, wakaigonga kwa nyundo na kuisikiliza, wakacheka kukumbuka jinsi bwana wao alivyokuwa akiwafunga kitambaa machoni na kuwataka wataje madini kwa mlio. Pacha akaitia nondo ile alama ya chaki na kusema angeikata na kuileta mwenyewe Ijumaa. Ijumaa akaja nayo begani, kipande chenye urefu wa mkono, kimezungushiwa karatasi ya grisi. Alikunywa maji, akauliza hali ya shemeji yake na mabinti, akaondoka.

Mchana nikaisikia kerezo. Sikuusikia ule mguno. Ilikuwa sauti nyepesi, ya kuparuza, kama mtu anayetembea juu ya mchanga mkavu. Nikazunguka ukuta. Nusu Unywele alikuwa amesimamisha mashine, anatazama kiganja chake. Shaba ngumu humenyeka kwa mikunjo mirefu, kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Iliyokuwa kiganjani mwake ilikuwa chenga chenga, kama unga wa sembe.

Akapiga simu, sauti ikiwa wazi, nikasikia yote. "Pacha, hii shaba inakatika kama unga."

Pacha akasema ni mzigo mpya, kiwandani wanaongezea madini ya risasi kidogo ili bushi iteleze hata grisi ikipungua. Wateja wake wengine wameisifu.

"Na rangi? Naona ina unjano."

"Ni hiyo risasi, Pacha. Mimi ni mtu wa kukuletea takataka?"

Nusu Unywele akakata simu. Ni kweli ziko shaba ngumu zenye risasi, na ni kweli hukatika namna hiyo. Uongo mzuri daima huazima nguo kwa ukweli. Alizichezea zile chenga kwa kidole gumba. Nilimwona akiinua jicho kwenye kile kipande cha shaba ya njano kilichobaki juu ya meza tangu siku ile, halafu akalishusha. "Pacha hawezi," alisema. Akawasha mashine.

Kazi aliyoifanya ilikuwa safi kupita maelezo. Alizikereza bushi mbili zenye ukingo mdomoni, akachonga ndani mifereji myembamba ya kupitisha grisi, akazisukuma mahali pake kwa kuzibana na jiliwa ya mezani bila kupiga hata nyundo moja. Alipomaliza aliinyanyua ile nyuma ya pikipiki kabla ya kufunga springi, akaiachia. Mkono ulishuka wenyewe, polepole, kama kope la mtu mwenye usingizi. Hakuna fundi mwingine niliyemwona akifikisha kipimo hicho. Mkunga alipanda, akazunguka mtaa mara mbili, akarudi anacheka kama msichana.

Alikwenda nayo miezi minne.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mkunga alikuwa anatoka kumtazama mzazi mmoja, maana watu walimwita bado hata baada ya kustaafu. Kwenye kona ya kuteremka, nyuma ya pikipiki ilihama ghafla. Mnyororo ukachomoka, ukajisokota kwenye gurudumu, gurudumu likagoma. Mama aliruka akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa bega ulivunjika, na kifundo cha mkono kilisagika.

Mwanawe wa kwanza, mwalimu wa hesabu, aliileta pikipiki juu ya gari la mizigo, akaishusha mlangoni bila salamu. Nusu Unywele aliichomoa pini mbele yake. Bushi moja ilikuwa imelika mpaka tundu limekuwa kama yai. Ya pili ukingo wake ulikuwa umepasuka na kumegeka, na pale palipomegeka palikuwa njano tupu, njano ya kitasa.

Mwalimu alikichukua kile kipande, akakigeuza. "Ulimwahidi mama hii itamzidi umri," alisema. "Ilibaki kidogo iwe kweli."

Akaondoka. Nusu Unywele alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa muda mrefu, kisha akaja upande wangu na vipande vitatu: mabaki ya ile nondo ya Ijumaa, bushi ya zamani ya shaba ngumu aliyowahi kuitoa kwenye pampu, na kile kipande cha shaba ya njano. "Jirani," alisema, "nipashie hivi moto, kimoja kimoja."

Nilijua anachotaka. Shaba ya njano imechanganywa na zinki, na zinki haivumilii moto mkali. Nilianza na bushi ya pampu. Ikaiva ikawa nyekundu, ikatulia, haikutoa kitu. Nikachoma ya njano. Moshi mweupe ukapanda, na unga mweupe ukaganda pembeni kama chumvi. Kisha nikaweka mwali kwenye kipande cha Ijumaa. Kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kuiva wekundu. Moshi ulitoka mweupe, mwingi, ukajaa kati yetu mpaka nikafunga gesi.

Nusu Unywele alikipigapiga kile kipande kwa kitambaa mpaka kikapoa, akakitia mfukoni. Akaniomba niende naye.

Duka lilikuwa na wateja wawili. Pacha alipomwona alifungua mikono, lakini alipouona uso wake akaishusha. Nusu Unywele aliweka kipande juu ya kaunta.

"Ile tuliyoitia chaki iko wapi?"

Pacha aliwatazama wateja, akawaomba wapitie vitu vya nyuma. Alianza kwa kucheka. Akasema mambo ya mizigo kuchanganyika ni ya kawaida. Nusu Unywele hakujibu. Akasema huenda kiwanda kilimdanganya yeye pia. Nusu Unywele bado hakujibu, na mimi nikaona jinsi kunyamaza kwake kulivyokuwa kunamkaba yule mtu kuliko matusi. Mwisho ikatoka. Ile nondo ilikuwa ya mwisho dukani. Alhamisi walikuja watu wa kiwanda cha pampu na agizo kubwa, la kuendelea mwaka mzima, wakaitaka pale pale. Akawapa. Mzigo mwingine ulikuwa haujulikani utafika lini, naye hakutaka kumwambia Pacha wake asubiri.

"Ungeniambia," alisema Nusu Unywele. "Ningesubiri. Yule mama angesubiri. Angetembea kwa miguu."

"Nilijua utaona."

"Nini?"

"Nilijua utaona kwenye kerezo." Sasa sauti ya Pacha ilikuwa imepata ukali, ukali wa mtu aliyepata mahali pa kushika. "Wewe unaona nusu unywele, ushindwe kuona rangi? Uliponipigia simu nilikuwa nimekaa nasubiri useme, hii siyo, ichukue. Ungesema, ningeichukua. Hukusema. Nikajua umeona na umekubali. Sasa leo unataka nibebe peke yangu?"

Nilitegemea Nusu Unywele ampige. Badala yake alikichukua kile kipande, na alipokuwa anageuka nilimsikia anasema kwa sauti ndogo, kama anamweleza mtu mwingine: "Sikukubali shaba. Nilikukubali wewe."

Tulipofika karakanani mkewe alikuwa amemletea chakula, akamsimulia. Mke alisikiliza, akafunga tena bakuli alilokuwa amelifungua. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Miaka yote hiyo nimemkaribisha kwangu nikimwita shemeji."

Wiki hiyohiyo maneno yakaanza kuzunguka mitaani, na yalikuwa yameanzia dukani. Kwamba Nusu Unywele siku hizi macho yamepungua. Kwamba alijichagulia shaba ya njano mwenyewe kwa sababu inakatika kirahisi, na sasa anatafuta pa kutupia mzigo. Hilo ndilo lililomkata zaidi. Ile nondo, alisema, angeweza siku moja kuisamehe, kwa sababu tamaa inamjia kila mtu. Lakini kuja kumnyang'anya hata macho yake mbele za watu, wakati wote wawili walijua yaliona sawasawa, hilo hakulipatia jina. Wateja watatu wa zamani walikuja kuchukua kazi zao zikiwa hazijakamilika. Mimi nilikuwa tayari kusimama na kueleza habari ya moshi kwa kila atakayesikiliza. Akanikataza. Alisema kuna mtu mmoja tu anayestahili maelezo.

Alikwenda kumwona mkunga. Nilimsindikiza mpaka sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu ya hospitali mpaka kwenye kiwiko na kutundikwa shingoni kwa kitambaa, vidole vimevimba. Mwalimu alisimama dirishani. Binti wa mama, ambaye ni nesi, alituletea viti.

Nusu Unywele alisimulia yote, kuanzia chaki mpaka moshi. Hakutia chumvi. Mwalimu alianza kusema habari za kwenda polisi kumshitaki mwenye duka. Mama akamnyamazisha kwa kuinua kidole cha mkono mzima.

"Wewe ulipokuwa unaikata," alimwuliza Nusu Unywele, "uliona?"

Angeweza kusema hapana. Pale chumbani nilikuwepo mimi peke yangu niliyejua, na alijua sitamuumbua.

"Niliona, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwamini mwenzangu."

Mkunga alitazama vidole vyake kwa muda. "Mimi nimezalisha miaka thelathini na minne," alisema. "Nikiona mtoto amekaa vibaya, halafu nesi mwenzangu aniambie yuko sawa, namwamini nani? Naamini mkono wangu. Huyo wa dukani mimi simjui. Hajanifanya kitu, maana sikumpa kitu. Nilikupa wewe."

Hakupaza sauti. Nusu Unywele aliinamisha kichwa, upara wake ukielekea kwa mama kama sahani tupu. Tulipoaga, mama aliitikia vizuri tu, lakini alimwita fundi. Neno mwanangu hakulitumia tena, siku hiyo wala nyingine.

Nilidhani angeacha kazi. Asubuhi yake nikamkuta ameshafungua. Alizunguka wiki mbili kwenye majalala ya vyuma mpaka akapata beringi kubwa ya shaba iliyotoka kwenye mtambo wa kusukuma maji. Akaniletea tuichome pembe yake kwanza. Haikutoa moshi. Alipoikereza nilisimama mlangoni, nikaona yale maganda marefu yakijikunja na kuanguka miguuni pake, na ule mguno mzito ukajaa karakana. Alizitia bushi, akaunyoosha ule mkono wa chuma uliopinda kwenye ajali, akairudisha pikipiki kwa kuikokota kwa mkono. Mama hakuipanda tena. Kifundo chake kilipona kikiwa kimepinda, hakiwezi kushika breki. Binti nesi ndiye anayekwenda nayo kazini.

Wateja wengine walirudi, wengine hapana. Kila chuma kinachoingia kwake sasa hukileta kwangu kwanza kipite motoni, hata kikiwa na muhuri wa kiwanda. Nikimtania kwamba atamaliza gesi yangu, hatabasamu. Kwenye simu yake alifuta namba ya Pacha, ingawa aliijua kwa kichwa, kwa hiyo sijui alifuta nini.

Mwaka huu mama yake Pacha alifariki. Ni mama aliyewapikia wote wawili enzi za ile ovaroli moja, na Nusu Unywele alikuwa akimwita mama. Nilidhani hatakwenda. Alikwenda mapema kuliko wengi, akachimba kaburi pamoja na wanaume wengine, akabeba jeneza. Ilitokea kwamba upande wa pili wa jeneza, sambamba naye, alikuwa Pacha. Walitembea hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mahali pa kuzika, na urefu wao ulilingana kiasi kwamba jeneza halikuinama hata kidogo.

Baada ya mazishi Pacha alimfuata kwenye lango. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ahsante kwa kuja, Pacha," alisema.

"Nimemzika mama yangu," alijibu Nusu Unywele. Hakumwita kwa jina lolote.

Pacha alisubiri, kama mtu anayetegemea kuna sentensi nyingine. Nusu Unywele alipangusa udongo mikononi, akaniuliza kama ninarudi naye, nasi tukaondoka.